Asteria Hakunisalimu

Tangu aanze kutamka maneno, binti yangu Asteria hajawahi kuongea nami asubuhi bila kunisalimu kwanza. Hata alipovunjika mkono akiwa darasa la tatu, alikuja analia, mkono unaning'inia, na bado alisema shikamoo baba kabla ya kusema ameanguka. Ndivyo tulivyomlea mimi na mama yake. Kwa hiyo mtu asinicheke kwa niliyoyafanya Jumanne ile. Au anicheke tu, sasa naweza kuvumilia.

Simu iliita nikiwa zizini, asubuhi, nabishana na ndama. Namba ilikuwa ngeni. Nikapokea.

"Hii ni huduma ya Sikia Mkulima," ikasema sauti ya Asteria. "Kama umeshapanda mpunga, bonyeza moja. Kama bado, bonyeza mbili."

Sauti ilikuwa yake kabisa, ile yenye kukwaruza kidogo aliyoirithi kwa bibi yake. Nikajua amesahau tu, vijana wana haraka, nikamwanzia mimi kwa Kisukuma. "Mwangaluka, ng'wanone."

Nikasubiri aitike.

"Bonyeza moja, au bonyeza mbili."

"Asteria, ni baba yako hapa. Mhola? Salama?"

"Samahani, hujachagua," akasema. Hakupandisha sauti, hakuishusha. Alisema kama mtu anayesoma kitu alichoshikiwa mbele ya uso.

Hapo damu ilinisimama. Mtoto wangu haniiti baba, hanisalimu, ananiomba samahani kwa kosa lisilojulikana. Nikamwacha ndama, nikaingia nyuma ya ghala nisisikike, nikanong'ona: "Asteria, nani yuko hapo na wewe? Kama kuna mtu amekushika na huwezi kusema, kohoa. Kohoa tu mwanangu, baba nitaelewa."

Simu ikakatika.

Nieleze kidogo. Asteria alikuwa Kahama tangu mwezi uliopita. Alimaliza chuo, akapata nafasi ya mafunzo ya kazi kwenye kampuni moja ya teknolojia. Aliniambia anajifunza umeneja wa bidhaa. Nikamuuliza bidhaa gani, sabuni au mabati? Akacheka, akasema bidhaa ni kile kitu chenyewe kilichomo ndani ya simu. Kazi yake ni kujua watu wanahitaji nini, kisha kuwaeleza mafundi wanaokitengeneza. Nikaitikia kama nimeelewa. Hapa Tinde watu waliponiuliza nilisema anafanya mambo ya simu, wakadhani anauza vocha. Rohoni sikuwa nimetulia. Kahama ni mji wa dhahabu, na penye dhahabu kila mtu ana maneno matamu. Mafunzo gani hayo yasiyo na duka wala darasa?

Nikapiga namba yake anayotumia siku zote. Haipatikani. Nikapiga ile ngeni iliyonipigia, dada wa mtandao akaniambia namba hiyo haipo. Namba iliyotoka kunipigia haipo! Mama Asteria akanikuta nimesimama nyuma ya ghala naitazama simu kama nyoka.

"Kuna nini?"

Nilitaka kumficha, lakini huyu mwanamke tumeishi naye muda mrefu. Nikamweleza.

"Ulipomwambia akohoe, alikohoa?"

"Hakukohoa."

"Basi wamemziba mdomo."

"Mama Asteria, alikuwa anaongea."

"Anaongea nini?"

"Moja na mbili."

Akakaa chini palepale kwenye majani yenye umande, akajishika kichwa. Kisha akainuka, akaniletea koti na fimbo yangu ya kuchungia. "Usirudi bila mwanangu," akasema.

Kwenye njia kuu nilimkuta jirani yangu Herman anafunga turubai kwenye Fuso lake, anapeleka magunia ya mpunga Kahama. Nikapanda mbele. Herman ni mtu mwema, Mungu ambariki, ila hana hadithi ya kumtuliza mtu. Hatujafika mbali akaanza: kuna kijana wa Geita alidanganywa kazi ya ofisi, akafungiwa chumbani, kuna mwingine alishikishwa simu akaambiwa soma hivi, ukiongeza neno utaona.

"Hivi alisema moja na mbili?" akauliza.

"Moja na mbili."

"Hiyo ni lugha yao ya siri. Moja maana yake yuko hai."

"Na mbili?"

Herman akabadilisha gia.

Kutoka pale mpaka tunapita Isaka nilisali kimoyomoyo, nikapatana na Mungu: nikimkuta mzima, simgombezi, simuulizi, nabeba begi lake, tunarudi nyumbani siku hiyohiyo. Aje alime mpunga nasi. Aje afundishe watoto pale shule ya msingi hata bila malipo. Meneja wa bidhaa wapate wengine.

Ofisi yenyewe ilikuwa Nyasubi, palepale Kahama mjini, ghorofa ya juu ya duka la magodoro. Asteria aliwahi kunielekeza. Herman akabaki anatafuta pa kuegesha, mimi nikapanda ngazi na fimbo yangu. Juu kulikuwa na ukumbi mwembamba na mlango umefungwa. Nikasogea nisikilize kwanza, maana kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi pale nilikuwa mgeni.

Nikasikia mwanamume anaongea mle ndani. Sauti ya mtu mzima, inatetemeka kwa hofu.

"Nani yuko hapo na wewe? Kama kuna mtu amekushika na huwezi kusema, kohoa. Kohoa tu mwanangu, baba nitaelewa."

Ilikuwa sauti yangu.

Sijui kama umewahi kusimama nje ya mlango ukajisikia mwenyewe uko ndani. Kisha, mle ndani, mtu akakohoa. Kikohozi kidogo, chenye kwikwi ya kilio, na nikakijua. Nimekisikia kikohozi kile kila kipupwe tangu akiwa mgongoni kwa mama yake.

Nilisukuma mlango kwa bega, nikaingia na fimbo juu.

Watu watano au sita walikuwa wameizunguka meza ndefu yenye kompyuta. Wote wakaruka. Kijana mmoja mwenye visikilizio shingoni akajificha nyuma ya kiti. Na Asteria wangu amesimama mbele yao karibu na ukuta, amevaa sketi yake ndefu ya kanisani, kiganja mdomoni, machozi yanamtiririka. Hakuna aliyemshika. Hakuna kamba. Akaniona, akaiona fimbo, macho yakamtoka.

"Shikamoo baba," akasema.

Fimbo ilishuka yenyewe. Pumzi niliyoibana tangu zizini ikatoka yote kwa mara moja, na ningeanguka kama dada mmoja aliyejitanda mtandio hangenivutia kiti. Alikuwa mkuu wao, anaitwa Shamimu. "Shikamoo mzee," na yeye akasema. "Karibu, kaa, unywe maji."

"Marahaba," nikawaitikia wote wawili kwa pamoja. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Na kwa kuwa mtu akishaona mtoto ni mzima hukumbuka hasira zake, mapatano yangu na Mungu nikayasahau palepale. "Asteria, nani amekufundisha kumwambia baba yako bonyeza?"

Nikawasimulia Fuso la Herman na yote, ndipo nao wakanieleza. Mtangazaji waliyemtegemea hakutokea, Asteria akaombwa asome maneno yaliyoandikwa, sauti yake ikarekodiwa, na mashine ikaanza kuwapigia wakulima waliotoa namba zao mnadani. Mimi nilitoa yangu kwa vijana wenye fulana za kijani, nikidhani naandikishwa mbegu. Na namba zile hazikuwa na majina, kwa hiyo hata Asteria hakujua babaye yumo. Simu yake ameizima kwa sababu ya mkutano.

"Kwa hiyo nimeongea na redio?"

"Kama redio, baba."

"Redio haimuulizi mtu maswali halafu isisikilize majibu."

Hakuna aliyecheka. Yule kijana wa visikilizio, Davis, alikuwa anaangalia meza. Asteria akajifuta uso kwa upande wa mkono, akamgeukia mkuu wake. "Dada Shamimu, naomba niendelee. Sikujua kama sauti ya baba imo humu, nilikuwa nazifungua tu rekodi za leo asubuhi. Lakini zote ziko hivyo."

Akabonyeza. Mashine yao, kumbe, hurekodi chochote mtu anachosema wakati inamsubiri abonyeze. Mzee mmoja akasalimia kwa Kisukuma, akauliza, wewe binti ni wa nani? Bibi mmoja akasema, "Marahaba mwanangu," akiitikia shikamoo ambayo hakuna aliyempa, kisha akanyamaza kwa adabu akisubiri zamu ya pili. Mwanamume mwingine alianza kueleza kwamba mpunga wa juu amepanda, ila ule wa bondeni maji yameusomba, na sasa anafikiria, hapo mlio ukamkata. Mama mmoja ndiye aliyenimaliza. "Binti, mbona hunijibu? Sauti yako imenyong'onyea. Umekula lakini?"

Mimi nilidhani ni peke yangu niliyeingiwa na hofu. Kumbe mtoto wangu alikuwa na wazazi vijiji vyote vya Shinyanga.

"Wote hawa wamejibu," Asteria akasema. "Kwenye ripoti tumewaandika kwamba hawakujibu. Tumesema wanaogopa vitufe. Hawaogopi kitu, wanasubiri tumalize kusalimiana ndipo tuulizane habari. Nilisema mapema tuweke salamu."

"Mimi ndiye niliyezikata," Davis akasema taratibu. "Niliona zinakula muda wa simu."

Hapo nikaelewa mkutano ule ulikuwa wa nini. Siku hiyo walikusudia kuyafunga majaribio ya vijijini wabaki na watu wa mjini wenye simu kubwa, na majaribio yakifungwa, nafasi ya Asteria nayo basi, arudi nyumbani. Nami sasa jionee kichwa changu kilivyo: nimetoka Tinde kuja kumchukua, lakini niliposikia wao ndio wanataka kumwachia, nikachukia. Wamwachie mtoto huyu? Aliyekuwa akisikiliza watu peke yake wakati wengine wanahesabu vitufe?

"Mimi sijui mambo yenu," nikasema, "lakini mkimrudisha huyu mtaniona tena hapa."

"Na fimbo?" Shamimu akauliza.

"Na mama yake."

Safari hii walicheka, mpaka Asteria. Shamimu akaifunga kompyuta iliyokuwa mbele yake. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Vijijini hatutoki. Tunarekodi upya, tunaanza na salamu, na Asteria ndiye atakayeisimamia kazi hii mpaka mwisho. Akimaliza mafunzo tutakaa tuongee habari ya ajira."

Niliangalia kama binti yangu atalia tena. Hakulia. Alisimama wima tu, kama siku ya kipaimara chake.

Basi wakaanza kubishana wao kwa wao. Davis akasema mashine haijui umri wa mtu, itampa nani shikamoo? Shamimu akasema iwape wote: mtoto akiamkiwa shikamoo atacheka, mzee asipoamkiwa atapanda Fuso. Davis akauliza, baada ya salamu tumwachie mtu muda gani wa kuitika? Mimi nikadakia, mpaka amalize. Na pia muulizeni ukoo wake, na mifugo yake inaendeleaje. Hilo la ukoo walilikataa kwa heshima. Davis akakuna kichwa, mashine itajuaje mtu amemaliza?

"Akinyamaza," Asteria akasema. "Isikatize kabla hajanyamaza."

Davis akavua visikilizio vyake akaviweka mezani, akaanza kuandika. Nikamwona ni kijana mzuri tu, ana wazazi mahali. Watu hawa hawakuwa wamemteka mwanangu. Walikuwa wamekosea na walikuwa wanarekebisha, na yeye alikuwa katikati yao anaongea na wanamsikia. Begi lake sikuliulizia tena.

Nikakumbuka nyumbani. Nikampigia mama yake, akapokea hata kabla haijaita.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Mzima. Ni mashine tu, nitakueleza."

"Mpe simu. Nisikie mwenyewe."

Nikampa Asteria. Akatoka mpaka mlangoni, lakini nilimsikia. "Shikamoo mama." Akanyamaza, akasikiliza. "Nimeamka salama mama, sijui nyie." Akanyamaza tena. "Mhola duhu. Na ndama? Na bibi, mguu wake? Na mama mchungaji je, amerudi?" Alisubiri kila jibu mpaka liishe, akiitikia, eee, eee, na kutoka kwenye ile simu nilisikia kwa mbali sauti ya mke wangu ikianza kulegea kidogo kidogo. Alikuwa bado hajafika kwenye swali lenyewe, la nani amemteka. Nikanyoosha miguu chini ya meza yao, nikawaacha wasalimiane.