Chaki Mgongoni mwa Pindo

Pindo alikwenda hospitali akiwa na chaki mgongoni. Aliyemchora ni mdogo wake, na aliyeamuru achorwe ni Pindo mwenyewe. Wala msicheke. Mwanamke aliyeshona nguo za watu tangu ujana, mpaka jina la kuzaliwa likasahaulika akabaki kuitwa Pindo kwa jinsi pindo zake zilivyonyooka, huyo anaamini chaki kuliko maneno. Sindano ya kwanza alichomwa kwingine, na daktari aliyepapasa kwa vidole tu, na haikumsaidia hata chembe. Safari hii alikata shauri kwamba hapapaswi na mtu. Panapouma pamewekwa alama ya msalaba, chini kidogo ya kiuno, upande wa kulia.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Kuinama kwenye cherehani aliweza, shughuli ilikuwa kunyooka. Akijinyoosha, au akigeuka kuchukua kitambaa nyuma yake, maumivu yalimbana mpaka anatafuta meza ya kushika, machozi yakimlenga mbele ya wateja. Mdogo wake, ambaye walifungua naye karakana ya kushona, alivumilia weee, kisha juzi akasema lililokuwa moyoni. Sindano hii nayo ikishindwa, cherehani kubwa ataikalia mtu mwingine, na dada atahamia mbele kupokea wateja.

"Kupokea wateja, mimi?" Pindo aliuliza.

"Utakaa kwenye kiti chenye mto, dada."

Jamani, Pindo apokee wateja! Huyuhuyu aliyemwambia mke wa bosi fulani, mbele ya watu, kwamba gauni halina tatizo lolote, aache tu kubana tumbo akipimwa? Wangefunga duka mwezi haujaisha. Lakini yeye mwenyewe hakuona la kuchekesha. Aliogopa, na aliogopa sana. Mikono yake haikujua kazi nyingine, na bila kile kiti cha mbele ya cherehani hakujua angekuwa nani.

Chumba cha sindano kilikuwa kidogo. Kitanda chembamba, kiyoyozi kinachonguruma, na mashine ya ultrasaundi juu ya meza ya magurudumu. Daktari alikuwa mwanamke ambaye Pindo angeweza kumzaa. Alimlaza kifudifudi, akamwekea mto chini ya tumbo, akafunua mgongo na kukutana na msalaba mweupe.

"Hii ni nini, mama?"

"Ramani. Usije ukapotea kama mwenzako."

Mdogo mtu, aliyeketi pembeni, akatazama sakafu kwa aibu. Daktari alicheka kidogo, akachukua pamba yenye dawa na kuifuta chaki yote. Pindo alihisi damu inampanda kichwani. Yaani kazi ya fundi inafutwa hivihivi, bila hata kuulizwa?

Daktari akampaka jeli ya baridi, akaanza kutelezesha kifaa kiunoni taratibu, huku amekigeuza kioo cha mashine ili Pindo aone. Mifupa ilionekana mistari myeupe yenye kivuli cheusi nyuma yake, na nyama ilikuwa michirizi ya kijivu.

"Hapa uliponichorea ni nyama tu, na haina ubaya wowote," daktari alisema. "Ngoja nipande juu."

Akapanda, akabonyeza. Pindo aliruka nusura aanguke kitandani. Maumivu yalianzia kwenye kile kifaa, yakashuka, yakatua palepale chaki ilipokuwa.

"Umeona, mama? Pale chini ndipo yanapotua. Yanatoka huku juu, kwenye kiungo cha pingili za uti wa mgongo. Mshipa wa fahamu unaobeba habari zake unapita kwenye ile kona, mfupa unapokutana na mfupa. Huo ndio nataka kuutia ganzi."

Pindo akawakumbuka wateja wake. Wateja wangapi wamemjia wakiwa wamejibana pini kwapani, eti fundi, panapobana ni hapa, kata hapa? Na yeye huwafokea kwamba kwapa halina kosa, kosa liko begani. Angewasikiliza, angekuwa ameharibu makwapa ya mji mzima. Leo yeye ndiye aliyekuja na pini zake. Aliona haya, akauficha uso kwenye shuka.

"Endelea, mwanangu," alisema humohumo kwenye shuka. "Nilipima vibaya."

Kwanza ikaja ganzi ya ngozi, kisha sindano ndefu. Daktari hakubandua macho kwenye kioo. Mstari mwembamba unaong'aa uliingia upande mmoja wa picha, ukashuka, ukasimama. Daktari akaurudisha nyuma kidogo, akauelekeza upya, ncha ikagusa ile kona ya mfupa. Dawa ilipoingia, Pindo aliona weusi mdogo ukitanda penye ncha. Kisha daktari akauendea mshipa wa pili, maana kiungo kimoja huhudumiwa na miwili, kwa utulivu uleule. Maisha yake yote Pindo hakuwahi kuona mtu mwingine akiiheshimu sindano namna ile.

Baada ya kupumzika kidogo aliambiwa ashuke.

"Fanya kile kinachokuumiza kuliko vyote," daktari alisema. "Na usinidanganye ili kunifurahisha."

"Huyo hajawahi kumfurahisha mtu," mdogo wake alijibu.

Pindo akajinyoosha. Maumivu hayakuja. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akajipinda nyuma mpaka akaona dari. Hakuna kitu. Akarudia tena na tena, kama anayejipekua mifukoni akitafuta ufunguo, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda akalia kwa furaha, na mdogo wake naye akalia.

Daktari aliwaacha wamalize. "Sikieni sasa. Hili lilikuwa jaribio. Ganzi itaisha jioni, na maumivu yatarudi. Yakirudi kwa wakati wake, nitajua nimeshika mishipa yenyewe. Tutapima mara moja zaidi tuhakikishe, halafu nitaizima kwa joto isipeleke tena habari, upate miezi mingi ya raha."

Wakaenda karakana moja kwa moja. Pindo alikalia cherehani kubwa na kushona mchana wote, akiinuka na kugeuka bila kugusa meza, akimfokea kila mtu kwa afya njema kabisa. 

Jioni, wakikunja vitambaa ili wafunge, Pindo alijinyoosha na maumivu yakamshika kiunoni palepale, makali yaleyale. Akaikamata meza kwa mikono miwili.

"Yamerudi?" mdogo wake aliuliza kwa sauti ya msibani.

"Yamerudi."

"Pole, dada. Pole sana."

"Pole ya nini?" Pindo alikuwa ameinama juu ya meza, machozi yakimtiririka, na alikuwa anacheka. "Yamerudi jioni, kama alivyosema. Huyo mtu wako wa kukalia cherehani yangu mwambie akatafute kwingine. Tumeyakamata, mdogo wangu. Tumeyakamata."