Mikono ya Shangazi

Watoto wanne wa wodi ya wachanga walipata homa ndani ya wiki moja, na mmoja akafariki. Mkurugenzi wa hospitali hakuhangaika kutafuta chanzo. Alimwita mfanya usafi wa wodi, mama wa miaka hamsini na tisa, akamwambia akae nyumbani mpaka aitwe. Kabla mama wa watu hajavua aproni, hospitali nzima ilikwishasikia: uchafu umetoka mikononi mwake.

Mfanya usafi huyo alikuwa shangazi wa mtaalamu wa maabara, yule waliyempachika jina la Bi Kipimo kwa kuwa hakubali neno bila kulipima. Shangazi ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Bi Kipimo alipofika nyumbani alimkuta jikoni, mikono ameiweka mapajani kama vitu vya kuazima.

"Hata kumshika mjukuu naogopa," shangazi alisema. "Mwanangu, au ni kweli?"

"Sijui, shangazi. Nitapima."

"Na ikionekana ni mimi?"

Swali lilimchoma. "Nitasoma majibu hivyohivyo."

Kesho yake alipita wodini na vijiti vya pamba, akipangusa vitanda, mashine, ndoo, mpini wa fagio, hata bomba la sinki wanaponawia wauguzi. Alipangusa pia mikono ya wafanyakazi wote, ya shangazi ikiwemo. Bakteria wa aina iliyokuwa kwenye damu ya watoto walijitokeza karibu kila mahali. Mtu mwenye haraka angeishia hapo. Lakini aina moja ina koo nyingi, na ukoo hujulikana kwa kusoma vinasaba.

Tatizo ni kwamba alijijua. Alimpenda shangazi kupita kiasi. Kwa hiyo alibandika namba tu kwenye vichupa vya sampuli za wodini, orodha akamkabidhi muuguzi mkuu aifungie kabatini, na kazi ya kusoma akampa mwenzake ambaye hakujua kipi ni cha nani.

Picha ya vinasaba ilitoka Alhamisi. Kila sampuli ilikuwa na safu yake ya mistari myeusi. Safu za watoto wote wanne zilifanana, na namba kumi na moja ilifanana nazo, mstari kwa mstari. Muuguzi mkuu alifungua orodha.

"Kumi na moja ni bomba la sinki," alisema. "Sinki lile lile! Nimemwandikia mkurugenzi barua tatu kulihusu. Likiziba, linarusha maji mpaka kwenye meza ya dawa."

Bakteria wa mikononi mwa shangazi walikuwa wa ukoo mwingine kabisa. Bi Kipimo alikaa chini. Kisha hasira ikampanda, akainuka na picha kwenda kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi aliitazama picha, akaisukuma kando. "Sinki tutalibadilisha kimyakimya. Wazazi wasiambiwe. Na huyo mama yako apumzike tu, umri umekwenda."

"Ni shangazi yangu. Na hapumziki. Amechafuliwa hadharani, atasafishwa hadharani."

"Nani atakuamini? Ni ndugu yako."

"Ndiyo maana sikusoma mimi."

"Unanitisha?"

"Nakupa majibu ya maabara. Ndiyo kazi uliyoniajiria."

Ijumaa, kwenye mkutano wa wafanyakazi, alisimama bila kuitwa. Mkurugenzi alimwambia akae. Hakukaa. Aliibandika picha ukutani, akaonyesha kwa kidole safu moja baada ya nyingine. Muuguzi mkuu akaja kusimama ubavuni mwake na nakala za barua tatu. Dereva wa gari la wagonjwa akauliza kwa sauti, "Sasa yule mama anarudi lini?"

Sinki liling'olewa mchana uleule. Watoto watatu walipona, na hakuna mwingine aliyeugua. Shangazi alirudi kazini Jumatatu na barua ya radhi yenye mistari miwili. Bi Kipimo naye alipata barua: anahamishiwa stoo ya mafaili. Aliirudisha ikiwa na neno moja chini yake, "Siendi", na wenzake kumi na tisa wakatia sahihi zao. Hakuna aliyekuja kumtoa.

Wiki iliyofuata, mama wa mtoto aliyefariki aligonga mlango wa maabara. Alitaka kujua ukweli tu. Bi Kipimo alimvutia kiti, akaufunga mlango, akamweleza yote, bila kuficha hata zile barua tatu.