Shahidi Aliyefunikwa na Kidole

Usiku wa jana niliota nimeingia ndani ya ukurasa wa sitini na mbili, na wenyeji wamenuna.

Hawakukosea. Kazi yangu ni kusahihisha vitabu vya zamani vinavyochapwa upya. Kompyuta husoma picha za kurasa, nami napita nyuma yake nikiokota makosa. Katika picha ya ukurasa huo, kidole gumba cha Raya, mwenzangu anayepiga picha, kilifunika jina la shahidi wa pili wa ndoa inayofungwa humo. Nakala yenyewe, ya pekee, imeshaliwa na mchwa. Bi Salha, mhariri wetu, alisema nitie jina lolote, kitabu kinakwenda kiwandani kesho. Nilikataa, nikaenda kulala na hasira zangu.

Sasa, ndotoni, nimo barazani. Bwana harusi na baba mkwe wameshikana mikono, jasho linawatoka. Mahali pa shahidi wa pili kimelala kidole gumba, kikubwa kama godoro.

"Shahidi mmoja hatoshi," ananiambia shehe. "Keti wewe."

"Siwezi, shehe. Nimekatazwa kuongeza neno."

"Kwani wewe ni neno?"

"Humu ndani, ndiyo."

Shehe anafikiri, anakubali kwamba hoja ina nguvu.

Baraza linageuka jiko. Shughuli ni ileile, ila sasa tumekaa kwenye vibao vya mbuzi vya kukunia nazi.

"Mimi nimeiva tangu chapa ya kwanza," linasema sufuria la pilau. "Mkichelewa zaidi mtakula ukoko."

Nakigonga kidole. "Hebu ondoka, watu waoane."

"Nikiondoka kitabu kitajifunga," kinajibu kwa sauti ya Raya. "Mgongo wake mkavu. Mtabanwa nyote, na pilau yenu. Unadhani nimelala hapa kwa raha zangu?"

Hilo sikuwahi kulifikiria, na wiki nzima nilikuwa nikimsema Raya kwa kila anayepita.

"Na nikishika mimi pale pambizoni?" nakiuliza. "Pale hapana neno wala mtu."

"Shika kwa nguvu, basi."

"Tena hicho ni kidole cha mwanamke," anasema shehe. "Mahali pake ni ndani, kwa bibi harusi na wenziwe."

Nashika ukingo wa ukurasa kwa mikono miwili. Kidole kinainuka, kinajinyoosha mpaka kinalia ko, kinaingia ndani. Vigelegele vinasikika. Pale kilipokuwa amelala mzee, kofia yake imekuwa bapa kama chapati.

"Jina lako, mzee?"

"Ussi bin Makungu. Mbona mmechelewa?"

Ndoa inafungwa. Bwana harusi anaachia mkono wa mkwewe, anautikisa wake uliokufa ganzi. Pilau inaliwa mbele ya macho yangu, nami siwezi kuonja maana mikono ina kazi. Hata hivyo nafurahi, nafurahi kweli, mpaka machozi yananitoka na kuniamsha.

Asubuhi niliwahi kazini, nikalichapa jina.

"Ussi bin Makungu," Bi Salha alisoma nyuma yangu. "Hili umelitoa wapi?"

Kabla sijajibu, Raya aliingia, mkono mmoja ameuficha ndani ya kanga.

"Msinicheke," alisema. "Jana nimelala mzima. Leo nimeamka hivi."

Akautoa mkono. Kidole gumba chake, hicho kimoja tu, kilikuwa kimepakwa hina ya maua mpaka kwenye ukucha, nayo ilikuwa bado mbichi.