Papa, Nanga na Nyota

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Alhamisi, tarehe ishirini na moja Septemba, mwaka elfu mbili ishirini na tatu, na Mughwai alikuwa amesimama juani akiwa ameshika kamba ya beberu wa zawadi. Beberu alikuwa wake. Hezekia, mwenyekiti wa kijiji, alisema mgeni rasmi hawezi kuondoka mikono mitupu, na vitu vya namna hiyo siku zote hutoka kwa mtu wa chini.

Mbele yao palikuwa na lambo. Lilikuwa shimo pana lililochimbwa na katapila upande wa chini wa kijiji, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Mtinko, na ndani yake hamkuwa na tone. Tuta lake lilijengwa kwa mchanga mtupu, kwa hiyo mvua zilizotangulia zilifika, zikalipasua, zikaenda zao. Kila mtu alijua na hakuna aliyeulizwa. Mgeni rasmi alikata utepe, akatazama shimo, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, kuanzia leo lambo hili limejaa maji."

Watu walipiga makofi. Akina mama walipiga vigelegele. Kuanzia hapo lambo likawa limejaa.

Hakuna aliyeona tofauti mpaka magari ya wageni yalipoondoka na beberu wao. Stumai, mke wa Mughwai, alijitwisha ndoo tupu akakatiza katikati ya shimo kwenda kwa dada yake ng'ambo, njia aliyoipita kiangazi chote. Alipofika katikati alizama. Vumbi lilikuwa linatimka kama kawaida. Ndoo ilipanda ikaelea hewani, usawa wa kingo, ikazungukazunguka pale mpaka upepo ukaisogeza pembeni. Damari, jirani yao, ndiye aliyeiokota. Ilikuwa kavu.

Ng'ombe nao waliteremshwa kunywa. Waliofika katikati walizama, na waliobaki pembeni walilamba udongo mpaka wakafa kiu. Maji ya kumuua mtu yalikuwepo, maji ya kumnywesha mtu hayakuwepo. Mughwai hilo alilielewa siku ileile. Wakubwa mpaka leo wanalifanyia tathmini.

Stumai alionekana vizuri tu kutoka juu. Alikuwa amekaa chini kwenye udongo uliopasuka, miguu kaikunja upande, kama mtu anayesubiri zamu yake kisimani, na upande mmoja wa khanga yake ulikuwa unapanda na kushuka wenyewe. Vijana walirusha kamba ya katani, ikaelea. Wakaifunga jiwe na ndoano, ikafika chini, lakini ndoano ikashika khanga. Mughwai aliwaambia waiache. Hakutaka mkewe avuliwe nguo mbele ya kijiji kizima.

Kwa kuwa hapakuwa na kaburi, msiba haukuweza kufungwa. Wakwe zake waliotoka Ilongero walibaki uani kwake. Walilala kwenye turubai, wakala uwele wake, na kila asubuhi mkwe wake mkubwa alimwuliza, kwa upole kabisa, kama leo kuna habari yoyote. Sanda ilikuwa ndani, imekunjwa, juu ya sanduku la marehemu. Uwele ulipoisha walianza kula mbegu ya alizeti.

Mughwai alikwenda wilayani, ofisini, akaambiwa arudi Jumatatu. Aliporudi Jumatatu akaambiwa mhusika yuko semina. Alisema pale mlangoni, kwa sauti, kwamba angekuwa mke wa mmoja wao angekuwa ameshazikwa na arobaini imeshasomwa. Mlinzi alimpa kiti, akamwambia, "Mzee, kaa upumzike. Hapa wote tunajua." Kukaa alikataa.

Ndipo serikali ikasikia kilio cha wananchi. Alikuja ofisa mmoja kijana, Bwana Stanley, na pikapu iliyobeba vifaa vya kuzamia vya aina tatu, na kila aina ilikuwa na mtungi wa hewa wa kubeba mgongoni, mpira wa kupumulia, miwani mikubwa ya kufunika macho na pua, na viatu virefu vya mpira kama miguu ya bata. Aina ya kwanza ilikuwa na picha ya papa, ya pili picha ya nanga, ya tatu picha ya nyota. Majina yenyewe yalikuwa ya kizungu, kwa hiyo watu waliziita Papa, Nanga na Nyota.

"Utaratibu unataka wananchi mshirikishwe," alisema Bwana Stanley. "Mtaunda kamati, mtapima ubora na thamani ya kila aina, mtapendekeza moja. Kisha tunaagiza."

"Si rahisi zaidi kusema lambo halina maji?" aliuliza Damari.

"Mama, mimi niko upande wa vifaa."

Kamati iliundwa papo hapo. Aliwekwa Damari kwa sababu ya mdomo wake, Mughwai kwa sababu ya mkewe, na Laurenti kwa sababu alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani na hakuna mtu mwingine kijijini aliyekuwa na kazi ya kusema kitu gani kizuri na kipi kibaya. Papa wa baharini hawakumjua, lakini namna ya kupima waliijua moja tu, kwa hiyo mitungi mitatu ilisimamishwa kwenye zizi la Laurenti, ikapimwa kama madume.

Laurenti alianza na Papa. Alizunguka nyuma, akaupiga kibao, akauvuta mpira wa kupumulia kama anavuta ngozi ya shingo.

"Huyu kalishwa chumvi," alisema.

Mnadani ng'ombe aliyekonda hulishwa chumvi usiku, asubuhi akanywa mpaka tumbo likajaa, akaonekana kanona mpaka atakapokojoa. Papa alikuwa hivyohivyo. Rangi ilikuwa inang'aa na mikanda ina vifungo vya kumeta, lakini mpira ulipokunjwa ulitoa mistari midogo ya kupasuka, na miwani ilikuwa ya plastiki ya kikombe cha shule. Nyota naye alikuwa mwepesi mno. Laurenti alimnyanyua kwa mkono mmoja akamrudisha chini kwa huruma.

"Ana minyoo."

Nanga alikuwa mzee. Rangi ilikuwa imechubuka mabegani, mkanda mmoja ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine, na kwenye kile kipande cha mpira kinachoingia mdomoni palikuwa na alama za meno ya mtu.

"Hiki ni cha mtumba," alisema Damari. "Kuna mzungu amekitafuna."

"Ni kipya," alisema Bwana Stanley. "Bei yake ni ya kipya."

Mughwai alizishika zile alama kwa kidole gumba. Mnadani mtamba ambaye hajazaa humnunui kwa sura yake, maana huwezi kujua, ila ng'ombe mwenye chuchu zilizonyonywa kila mtu anamkimbilia. Kanyonywa, maana yake anatoa. Huyu kang'atwa, maana yake amempumulisha mtu, na yule mtu alipanda juu akiwa hai, la sivyo mtungi usingefika Singida. Laurenti alikubali. Damari alisema sawa, lakini yeye asingeweka meno yake palipokaa ya mwenzake. Thamani ya Nanga ikapitishwa kuwa ya juu kuliko zote.

Kwenye kila mtungi palikuwa na geji ndogo ya mviringo, na mshale wa zote tatu ulikuwa umesimama palepale, upande wa kujaa. Hilo hakuna aliyelitilia shaka. Ulikuwa wakati wa kuonyesha vitu vimejaa.

Majaribio yalifanyika kesho yake asubuhi. Wakwe walikuja na kirago cha kumlazia marehemu. Bwana Stanley alimuuliza Mughwai kama anajua kuogelea.

"Najua kutembea," alisema Mughwai.

Alifungwa kamba kiunoni, Laurenti akashika ncha. Akavaa miguu ya bata, akauma alama za meno ya yule mtu asiyemjua, akateremka kwa kurudi nyuma kama anavyoshuka mtu kwenye paa. Vumbi lilimfika magotini, kisha maji yasiyoonekana yakamfika kifuani, kisha kichwani. Viputo vya pumzi yake vilipanda vikapasukia juani. Alitembea taratibu, akiubeba ule mtungi mzito, na hewa ilikuja kila alipoiomba. Ilikuwa na harufu ya stoo.

Stumai alikuwa hajabadilika. Nywele zilikuwa zimefumuka kidogo, ndilo jambo ambalo lingemuudhi. Mughwai alimshika kwanza khanga, akaifunga vizuri, kisha akamshika mkono, akamwinua. Alikuwa mwepesi humo ndani. Wakaanza kurudi pamoja, mguu mbele ya mguu, na juu ukingoni mkwe mkubwa akakunjua kirago.

Katikati ya njia Mughwai aliomba hewa, haikuja. Aliomba tena. Alitazama geji, mshale ulikuwa palepale, umejaa. Aling'ata kwa nguvu mpaka meno yake yakaingia ndani zaidi ya yale ya mwanzo. Hakuuachia mkono. Laurenti aliona viputo vimekoma, akavuta kamba pamoja na vijana wote, na ule mkono ukateleza kidole kwa kidole. Stumai alikaa tena chini, polepole, miguu upande.

Mughwai alilazwa ukingoni. Alikohoa vumbi.

"Mtungi ulikuwa mtupu," alisema Laurenti. "Tumenunua ng'ombe aliyezaa akaisha maziwa."

Bwana Stanley aliinama akasoma geji. "Imejaa," alisema. "Mzee, wewe umepumua vibaya. Unapumua kama mtu anayelima."

"Mimi ni mkulima," alisema Mughwai.

Damari alikwenda akafungua koki za ile mitungi mingine miwili. Nyota alitoa mluzi mfupi kama tairi la baiskeli, akanyamaza. Papa hakutoa kitu. Mishale haikutikisika.

"Zote zimejaa," alisema Bwana Stanley, akawasha pikapu.

Mughwai hakusubiri akauke, maana hakuwa amelowa. Alikwenda moja kwa moja kwa Hezekia, akamkuta anakula, hakukaribishwa na hakutaka kukaribishwa.

"Mwenyekiti, hili jambo halihitaji mtungi. Yule bwana alijaza lambo kwa mdomo. Aje aseme kwa mdomo uleule kwamba halina maji. Nitembee nikamchukue mke wangu. Neno moja tu, arudi zake."

Hezekia aliosha mikono. "Mughwai, ndugu yangu. Akisema halina, wataanza kuuliza lile tuta lilijengwa na nani, na saruji ilikwenda wapi. Itafika mpaka kwangu."

"Itafika kwako kwa sababu nyumba yako ina saruji."

"Chunga mdomo."

"Nichunge kipi tena? Niambie wewe uliyewekwa pale na sisi. Kama maji yapo, ng'ombe wamekufa na nini? Kama hayapo, Stumai kazama kwenye nini?"

Hezekia alisema suala hilo ni la kitaalamu. Alimshauri avute subira, na avae kitu kichwani maana jua ni kali.

Mapendekezo ya kamati yalipokelewa kwa shukrani. Miezi ilipita, kisha ikaagizwa aina ya Papa, ambayo kamati ilikuwa imeikataa, kwa sababu ilipendeza kwenye picha. Kila kaya ilipewa seti. Mitungi ilikuja bila hewa, mishale ikiwa upande wa kujaa, na mashine ya kujazia ilisemwa iko kwenye mchakato. Kijiji kiliipokea kama kinavyopokea kila kinacholetwa. Ile miwani ilifaa wakati wa kupepeta uwele, makapi hayaingii machoni. Miguu ya bata ilifaa kupepea moto. Mitungi ilikaliwa kama vigoda, na pale kwa Mughwai wakwe waliigeuza mafiga. Watu wa ng'ambo walizungukia mbali, kupitia njia ya ng'ombe, na wanaharusi walioolewa kijijini walionyeshwa lambo siku ya kwanza, wakaambiwa usikatize hapa, yule pale ni mke wa Mughwai, na wao wakamsalimia wakapita.

Siku ya makabidhiano rasmi mheshimiwa aliyekata utepe alirudi mwenyewe. Turubai lilifungwa ukingoni, viti vikaelekezwa upande wa kijiji ili wageni wasitazame lambo. Alisema serikali imetatua kero ya maji, na sasa imetatua kero ya kuzama kwenye maji, na hakuna kijiji kingine mkoani chenye vifaa kama hivi. Watu walipiga makofi. Akauliza kama kuna mwenye swali.

Mughwai alisimama. Hezekia alimtazama kwa jicho la kumkalisha, hakukaa.

"Shikamoo, mzee," alisema mheshimiwa, ambaye alikuwa mdogo kwake.

"Marahaba. Mimi ni mume wa yule aliyekaa nyuma yako."

Mheshimiwa hakugeuka. Viongozi wengine kwenye meza kuu nao hawakugeuka. Akina mama peke yao walinyanyua macho kupita meza kuu, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Stumai, khanga yake inapanda na kushuka.

"Msiba uko uani kwangu, haujafungwa. Wakwe zangu wako pale, wamechoka na mimi nimewachoka. Sanda ninayo. Nimepima vifaa vyenu nilivyoambiwa nipime, na nimepumua, nikaambiwa nimepumua vibaya. Sasa nauliza kitu kimoja."

Alivua kofia.

"Mke wangu namzika lini?"