Kadi ya Nyuso Tatu

Mkojo wa mtoto ulikuwa na rangi ya chai iliyolala sufuriani. Mama Chiriku aliutazama kwenye kopo, akautikisa kidogo, kana kwamba ile rangi ingezama chini kama mashapo. Haikuzama. Nje ya choo wapangaji walikuwa wameshapanga ndoo zao, na fundi redio alianza kugonga bati la mlango.

"Wewe uliye ndani, unajenga?"

"Namalizia paa!"

Akamwaga. Akafuatiliza maji, kopo kwa kopo, akasugua kwa ufagio mpaka saruji ikarudi rangi yake, ndipo akatoka na kumpisha.

Chumbani aliitoa kadi chini ya godoro. Ilikuwa karatasi ngumu yenye mistari ya siku, na kila siku ilikuwa na nyuso tatu: unaocheka, ulionuna, unaolia. Wenye mradi wa dawa waliichora hivyo ili hata mzazi asiyejua kusoma aweze kusema mwanawe kaamkaje. Mama Chiriku alijua kusoma. Siku ya sitini na moja, aliweka alama kwenye uso unaocheka. Alama nyingine sitini zilishuka juu yake zimenyooka kama mshono wa cherehani.

"Mama, nimejikuna mpaka asubuhi," Chiriku alisema.

"Mbu."

"Mbu gani anauma unyayo?"

"Mbu hachagui. Vaa sare. Kliniki kwanza, shule baadaye."

Sare aliinyoosha mwenyewe. Kupiga pasi ndiyo kazi iliyowalisha: meza chini ya ngazi za nyumba, pasi ya makaa, na nguo za watu. Pasi hiyohiyo ndiyo iliyomchoma binti. Kifafa kilimwanza akiwa na miaka minne. Alipofika saba, kilimwangusha mezani, mama yake akiwa amegeuka kuchukua shati, mkono ukaangukia chuma. Kovu lilishuka kutoka kwenye kiwiko, limechongoka kama ncha ya pasi. Mwezi uleule alianguka darasani, wenzake wakakimbia kwa kuogopa povu, na mwalimu mkuu akamwita mama.

"Hatumfukuzi," alisema. "Tunamwomba apumzike mpaka apone."

Akapumzika miaka miwili.

Kisha mradi ukaja. Dawa mpya ya kifafa kwa watoto ilikuwa ikijaribiwa katika jengo jeupe nyuma ya hospitali. Mama Chiriku alisomewa mkataba haraka haraka, akatia saini. Tangu kijiko cha kwanza, binti hakuanguka tena. Hata mara moja. Alirudi shule, akaanza tena kusema mpaka watu wakachoka: alisoma kwa sauti mabango, makopo, na gazeti lililofungia sabuni. Ndipo alipopewa hilo jina la Chiriku. Sasa macho yake yalikuwa yameanza umanjano pembeni, kama shuka jeupe lililofuliwa pamoja na nguo ya rangi.

Kwenye benchi la kliniki, wanawake walikuwa na sheria yao. Aliyemfundisha ni Mama Pacha, siku ya kwanza kabisa. Pacha wake walitupwa makundi mawili yenye tarehe tofauti, kwa hiyo yeye alikuwa benchini kila siku ya kundi, kama vile benchi ni lake.

"Sikiliza, mwenzangu. Ukiweka uso unaolia, unaitwa chumba cha ndani. Ukiitwa chumba cha ndani, ndiyo kwaheri."

"Nani kaenda?"

"Muuza mkaa. Mwanawe alitapika siku tatu, naye akajaza alivyoona. Wakamwambia mtoto anatolewa kwa usalama wake. Wakachukua chupa ya dawa. Sasa yuko salama kweli, anaanguka bombani."

Lango la kliniki lilipoonekana, Mama Chiriku alimsimamisha binti yake, akamnyoosha kola.

"Ukiingia mwamkie dada, kisha utazame chini. Mtoto mwenye adabu hamkodolei mkubwa macho."

"Hata akiniuliza kitu?"

"Jibu ukitazama viatu."

Hila hiyo aliitunga mwenyewe, juu ya pasi, na hakumwambia mtu.

Dada wa kadi alikuwa msichana wa kitambulisho shingoni na kalamu iliyofungwa kwa uzi mezani, isiibwe.

"Shikamoo dada," Chiriku aliviambia viatu vyake.

"Marahaba! Jamani, watoto wa mradi huu mna adabu. Wangu mie ananitolea macho kama taa za lori." Alipitisha kidole kwenye kadi. "Safi. Homa?"

"Hakuna."

"Kutapika? Ngozi? Mkojo?"

Kabla mama hajafungua kinywa, kalamu ilikuwa imeshaandika *hakuna, hakuna, hakuna*, na ilikuwa inangoja jibu la mkojo.

Neno lilimfika kooni. Lilikuwa neno dogo tu: rangi. Angesema "rangi", na dada angelazimika kuinua kichwa. Lakini dada alikuwa anasukuma chupa mpya mezani, chupa ya mwezi mzima, imefungwa kizibo cha bluu.

"Wageni wa mradi wanakuja karibuni," dada alisema. "Wanapenda kadi kama yako. Isiyo na makelele."

Mama Chiriku akachukua chupa. Mtoto akatolewa damu.

"Majibu lini?"

"Damu hii inapanda ndege, mama. Maabara iko mbali."

Nje, Mama Pacha alicheka aliposikia. "Damu hupanda ndege, majibu hurudi kwa miguu. Nenda ukapige pasi zako."

Akaenda akapiga pasi. Wiki iliyofuata Chiriku aliacha kusoma makopo. Alikuwa akitoka shule anaingia chini ya meza ya pasi, analala penye joto. Uji ulimshinda. Tumbo lilijaa, miguu ikabaki vijiti. Siku moja damu ya pua ilidondokea daftari la hesabu, naye akaifuta kwa kifutio, akaichafua zaidi. Kila asubuhi mama yake alitoa kadi chini ya godoro. Kila asubuhi aliwaza siku mbili mbele: akipata nafuu kesho kutwa, nani atajua? Mtoto hajaanguka. Mtoto yuko shule. Uso unaocheka.

Siku ya themanini na nne, alama ya asubuhi ikiwa haijawekwa bado, mwalimu wa darasa alimleta amembeba. "Ananiita bibi," mwalimu alisema, hofu imemjaa. "Nimemwuliza jina lake, hakulipata."

Mama Chiriku aliacha pasi juu ya shati la watu, akampandisha mtoto mgongoni, akachukua mkoba wenye kadi na chupa. Harufu ya kitambaa kinachoungua ilimfuata mpaka barabarani, hakugeuka.

Askari wa lango aliitazama kadi kwanza. "Tarehe yenu ni kumi na nne. Leo ni tarehe sita, kundi jingine."

"Mwanangu hajui tarehe. Hata jina lake halijui."

Askari akamtazama mtoto mgongoni, akafungua.

Kwa mara ya kwanza aliingia chumba cha ndani. Kilikuwa chumba cha kawaida: kitanda, kabati la mafaili, feni. Daktari alizifungua kope za Chiriku kwa kidole gumba, akaziachia. Alivuta faili, akalifungua, na kutoka aliposimama Mama Chiriku aliona karatasi yenye tarakimu iliyozungushiwa wino mwekundu. Aliusoma mhuri wa juu yake. Siku kumi na sita zilizopita.

"Hiyo ndiyo damu yake?"

Daktari alilifunga faili nusu. "Ini lilionyesha kulemewa. Tungempima tena tarehe kumi na nne."

"Mlijua."

"Namba moja haitoshi, mama. Tunaangalia na kadi. Kwa kadi yako hapakuwa na haraka." Akaigeuza ili aione vizuri. "Siku themanini na tatu. Zote anacheka."

"Niliogopa mtamtoa."

"Lazima tumtoe." Hakusema kwa ukali, alikuwa ameshaanza kuandika. "Sasa, mkataba uliotia saini unasema mradi utatibu madhara yaliyoripotiwa. Haya hayakuripotiwa. Nakuandikia barua ya hospitali kubwa."

"Barua itamtibu?"

"Itakufungulia mlango."

"Na kifafa, daktari? Kikirudi?"

"Dawa imesimama kuanzia leo."

Dada wa kadi alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Mficha maradhi, mama..." alianza. Hakumalizia, maana Chiriku alikuwa amefumbua macho, na safari hii hakutazama viatu. Alimtazama dada usoni kwa macho ya rangi ya ubani, mpaka dada akageukia ukuta.

"Naomba chupa," dada aliuambia ukuta. "Ni mali ya mradi. Na kadi."

Mama Chiriku aliitoa chupa mkobani. Ilikuwa imebaki robo. Kisha akamrudisha mtoto mgongoni, akachukua kadi, akatoka hadi meza ya dada, akaivuta kalamu mpaka uzi ukakazika, akatafuta mstari wa siku ya themanini na nne, akaweka alama kwenye uso unaolia. Akairudia. Akairudia tena, mpaka karatasi ikatoboka na ncha ikagusa meza.

Dada alimfuata, akachukua kadi, akaitazama saa ya ukutani.

"Leo haihesabiwi, mama. Ameshatolewa tangu saa nne." Akaiweka juu ya kadi nyingine, akazigonga pembe zikalingana.

Benchi la nje lilikuwa limejaa. Wanawake wa kundi la tarehe sita, kila mmoja na mtoto wake, kila mtoto na nguo iliyonyooshwa. Mama Pacha alikuwa mwisho wa benchi na pacha wake wa pili, kadi gotini, anamalizia siku. Alikiona kichwa cha Chiriku kikining'inia begani mwa mama yake. Kalamu ilisimama.

"Vipi tena?"

"Mtazame macho," Mama Chiriku alisema. "Kisha mtazame wako."

Mama Pacha hakumtazama wake. Aliinamia kadi, akaweka alama palepale anapoweka kila siku, akaipuliza wino ukauke.

"Mwamkie mama," alimwambia mwanawe.

"Shikamoo mama," mtoto alisema, akivitazama viatu vyake.

Pembeni yake msichana mwenye utepe naye akaamkia, kichwa chini. Kisha aliyemfuata. Kisha mwingine, na mwingine, shikamoo, shikamoo, mpaka mwisho wa benchi, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho.

Ndani, sauti ya dada wa kadi ikaita anayefuata.