Kitambaa cha Mama Mkwe Kwenye Televisheni

Haya nilisimuliwa na mpwa wangu Jumapili iliyopita, alipokuja kuniamkia, akanywa chai yangu macho yakimfumbika kwa usingizi.

Mumewe ni mchambuzi wa mpira kwenye televisheni. Tangu studio yao ianze kukarabatiwa, yeye na wenzake wanachambulia majumbani mwao, naye kamera yake iko chumbani mwa kulala. Kila jioni mpwa wangu akirudi kazini, miguu inamwaka moto, anakuta kitanda kimesimamishwa wima kuipisha kamera, watoto wamenyamazishwa, pa kujilaza hapana.

Sebuleni mama mkwe na wifi hawana habari na mpira. Wao wanakagua nyumba za wachambuzi zinazoonekana nyuma yao kwenye kioo.

"Pazia la huyu limepinda kama sketi ya kuazima," wifi alisema jioni moja.

"Na maua ya yule? Plastiki tupu, vumbi limeota mizizi!" mama mkwe akadakia.

Mara kwenye kioo akatokea mwanawe, nyuma yake ukuta mweupe. Mama mkwe akanuna.

"Kama wodi! Nimemfumia kitambaa mpaka macho yameniuma, mkwe wangu kakifungia kabatini. Kazi ya mikono yangu inamtia aibu."

Wiki nzima alikuwa hapokei hata maji mkononi mwa mpwa wangu. Alishaelezwa kwamba watu wa televisheni wamekataza mistari myembamba kama ya kitambaa hicho, kwa kuwa inachezacheza kwenye kamera, akasema ni visingizio. Siku hiyo mpwa wangu alichoka kujieleza. Yalipoingia matangazo, akaenda chumbani, akatoa kitambaa.

"Unafanya nini? Watanifokea!" mumewe akanong'ona.

"Leo wakufokee wewe. Mimi nimefokewa vya kutosha."

Akakitundika ukutani nyuma ya mumewe, akarudi sebuleni.

Matangazo yalipoisha, mistari ikaanza kucheza kwenye kioo, ikatambaa huku na huku kama siafu waliomwagiwa maji. Wifi akaziba macho. Mama mkwe akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Jamani, kitoeni! Kinamla mwanangu masikio!"

"Nilikwambia, mama."

"Uliniambia, mwanangu. Ni kiburi changu tu. Chakula kiko wapi? Hapana, wewe kaa. Nitajipakulia."

Kipindi kilipokwisha, mume akashusha kitanda, akalala na soksi zake. Mpwa wangu akajitupa pembeni. Mama mkwe akaingia kunyatanyata, akamfunika kwa kile kitambaa, akarudi sebuleni kubishana na wifi juu ya yale maua ya plastiki. Mpwa wangu akawasikiliza mpaka televisheni ikazimwa, milango ikafungwa, wote wakatulia. Ndipo naye usingizi ukamchukua.