Mama wa Kwenye Daftari

Karani aliuliza mara ya pili bila kuinua macho.

"Mama wa mtoto ni nani hapa?"

Bhoke alimkaza mtoto kifuani. Tangu watoke Isebania alfajiri, mbavu za Gisiri zilikuwa zikiingia ndani kila alipovuta pumzi, na sasa midomo yake ilikuwa imeanza kupauka. Miezi mitano tu. Bhoke akafungua kinywa kujibu, lakini Susana alimtangulia.

"Ni mimi," alisema Susana, akaweka kitambulisho chake mezani.

Karani, Elijah kwa mujibu wa beji yake, alikisoma. Kisha akamwangalia yule mama mwenye mvi.

"Mzaliwa wa mwaka wa thelathini na nne. Mama, umejifungua na miaka sitini na mbili? Hongera. Hata daktari atataka kukuona."

Watu wa kwenye benchi walicheka. Susana hakucheka.

"Ni mtoto wa nyumba yangu."

"Na huyu msichana?"

"Mimi ndiye nimemzaa," alisema Bhoke.

"Kitambulisho?"

"Sina. Kwetu ni Tarime."

Elijah aliweka kalamu chini. "Tanzania. Basi mama akiwa wewe, nataka barua ya uhamiaji ndio mtoto apewe kitanda. Barua inatoka Kisumu."

"Lakini mtoto amezaliwa Kenya."

"Dada, mimi siandiki tumbo. Naandika kitambulisho. Huyu mtoto hana muda. Niandike nani?"

Gisiri alikohoa kikohozi kidogo, kisicho na nguvu ya kutoka. Bhoke alitazama sakafu.

"Andika huyo," alisema.

Susana hakujaliwa mtoto wa kiume, na mumewe alikufa zamani. Kwa Wakuria, mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, ili amzalie na nyumba isizimike. Ng'ombe wa Susana walivuka mpaka miaka miwili iliyopita. Hawakukaa hata msimu mmoja. Zablon, kaka yake Bhoke, aliwatoa naye akaoa. Sasa wako kwenye boma la watu wengine, na Bhoke hana cha kurudishwa nacho.

Huko kwao, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, wanamwita Mkenya. Dada zake wanasifu sabuni anayowapelekea. Na si uongo, amepata. Susana hajawahi kumwinulia mkono. Wanakula sahani moja, wanalala chini ya mabati, na jioni alimruhusu kwenda ngumbaru, darasa la watu wazima, akajifunza kusoma. Bonface, aliyechaguliwa na Susana ampe Bhoke mtoto, alikuja, akarudi kwa mkewe. Lugha ni ile ile, Kikuria. Ila askari wakipita sokoni, Bhoke huinama nyuma ya magunia ya mahindi mpaka wapite.

Siku ya kwanza hospitalini Gisiri hakunyonya. Alilala na mrija wa oksijeni puani, Susana kando yake kitandani, kwa sababu wodi ya watoto ilikuwa na nafasi ya mama mmoja kwa kila mtoto. Bhoke alishinda barazani, chini ya dirisha.

Siku ya pili, saa nane mchana, mtoto alilia. Kilikuwa kilio cha njaa, kile Bhoke alichokijua hata akiwa shambani. Kifua kilimvimba. Alikwenda mlangoni.

"Sista, nikamnyonyeshe. Dakika kumi tu."

Muuguzi Linet alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya uchovu. Alitazama gauni la Bhoke, lililokwisha kulowa mahali pawili.

"Naona," alisema taratibu. "Mimi pia ni mzazi. Lakini daftari linasema mama ni yule pale. Jana msimamizi aliita mtu ofisini kwa jambo kama hili."

"Mtoto ana njaa."

"Basi sema wewe ndiye mama. Nitamwita Elijah abadilishe sasa hivi. Lakini akibadilisha, mtoto anatoka kwenye ule mtungi wa oksijeni mpaka barua ije, maana wanaoungoja huo mtungi wapo hapo nje. Ukikubali, namwita."

Kupitia mlango Bhoke aliuona mrija, plasta ndogo iliyoushika shavuni, na kifua cha mwanawe kikipanda na kushuka. Leo mbavu hazikuzama sana kama jana.

"Nimwite?" aliuliza Linet.

"Hapana."

"Wewe ni nani wake, sasa? Lazima niandike aliyekuja mlangoni."

"Msichana wa kazi," alisema Bhoke.

Linet aliandika. Alipomaliza hakumtazama tena.

Bhoke alirudi dirishani. Aliomba kikombe kwa mama mmoja barazani, akakigeukia ukuta, akakamua mpaka kikafika nusu. Akakipenyeza katikati ya vyuma. Susana alinyoosha mkono kukipokea, lakini Linet alifika kwanza.

"Maziwa ya nje hayaruhusiwi wodini," alisema, si kwa ukali. Alikwenda nayo kwenye sinki la kona, akafungua bomba.

Gisiri alizidi kulia. Alilia mpaka mrija ukatikisika, na wamama wa vitanda vingine wakaanza kugeuka. Susana alimtazama Bhoke kupitia vyuma, kwa muda mrefu, kama mtu anayeomba ruhusa. Kisha akafungua vifungo vya blauzi yake, akalitoa titi lililokauka, akamweka mtoto.

Gisiri alilishika kwa midomo yote miwili. Akanyamaza, akavuta.

Linet alichukua kadi iliyoning'inia miguuni mwa kitanda.

"Mama Gisiri," alimwambia Susana huku akiandika, "mtoto ananyonya vizuri."